Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Boma la Old Moshi lilindwe kisheria

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro,
Kwa Mwenyekiti, Mkurugenzi na Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi,

YAH: OMBI LA KULITANGAZA BOMA LA OLD MOSHI NA ENEO LA MANGI MELI KUWA URITHI WA TAIFA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkazi wa Old Moshi, nimezaliwa na kukulia kwenye kihamba, yaani shamba la migomba, cha babu zangu, na nawaandikia kuhusu nyumba moja ya mawe. Ni boma la Wajerumani lililojengwa miaka ya 1890 katika nchi ya Mangi Meli (mangi ni chifu wa Kichaga), kwa jasho la watu wa Mangi Meli. Ndilo boma ambalo Mangi Meli alinyongwa karibu nalo tarehe 2 Machi 1900. Leo jengo hilo limo ndani ya eneo la shule, na watoto hupita kando yake kila asubuhi wakiwahi vipindi. Naomba mlitangaze rasmi kuwa urithi unaolindwa na sheria, pamoja na mti alikonyongewa Meli na eneo lote linalouzunguka, kabla hajaja fundi mwingine na simenti, au na nyundo.

Nianze na sheria, maana tatizo lenyewe liko humo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo lililojengwa baada ya hapo hupata ulinzi pale tu Waziri mwenye dhamana anapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Kwa Kilwa Kisiwani au magofu ya Kaole mstari huo hauna madhara, kwa kuwa majumba yale yalikuwa yameshazeeka karne nyingi kabla yake. Huku mlimani hali ni nyingine. Mwaka 1863 ilikuwa imepita miaka 15 tu tangu Johannes Rebmann aione theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kuwaandikia wenzake wa Ulaya, ambao walimkatalia. Ukiacha ngome ya mawe ya Mangi Horombo kule Keni, Rombo, karibu kila jengo la mawe linalosimulia habari za Wachaga, Wameru na Waarusha na wageni waliokuja kututawala limejengwa baada ya mwaka huo. Kwa hiyo historia yetu yote ya kuvamiwa, kupigana, kushindwa na kujengeshwa imeangukia upande usiolindwa, mpaka mkono wa Waziri uivushe.

Kama tangazo la namna hiyo lilikwisha kutolewa kuhusu boma letu, tunaoishi hapa hatujasomewa wala kuonyeshwa. Libandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Kama halijatolewa, litolewe.

Waheshimiwa, nyumba hii haieleweki bila kumjua mwenye nchi. Kabla ya Meli alikuwepo baba yake, Mangi Rindi, ambaye watu wa misafara kutoka pwani walimwita Mandara. Rindi aliijua siasa kuliko wengi waliomdhania mshenzi. Mwaka 1871 alipita kwake Charles New, mmisionari Mwingereza, akapanda hadi akaigusa theluji. Mwaka 1884 Harry Johnston alikaa kwenye ardhi yake, kwa nje akikusanya mimea na wanyama, kwa ndani akipima namna Uingereza ingeweza kuitwaa nchi hii. Mwaka 1885 peke yake Rindi alipokea wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, waliokuja kufungua kituo, akampokea Jenerali Mathews aliyetumwa na Sultani Barghash kuhakikisha bendera ya Zanzibar inapepea mlimani, halafu akampokea Karl Jühlke na karatasi yake ya mkataba wa Wajerumani. Nadhani kila mmoja aliondoka akiamini kwamba Rindi ni wake. Mwishoni mwa muongo ule akatuma wajumbe wake mpaka Berlin kwa Kaisari, wakichukua pembe ya ndovu. Mtawala wa vilima vichache vya migomba alimtumia Kaisari wa Ujerumani ujumbe kama mfalme kwa mfalme mwenzake.

Sisemi alikuwa malaika. Alivamia majirani, aliteka watu, na aliuza watumwa na pembe kwa misafara ya Pangani na Tanga. Hayo nayo yasifichwe siku tutakapoandika kibao cha mahali hapa. Alifariki mwaka 1891, na kiti kikamwangukia Meli, kijana, wakati ambao wageni walikuwa wameshaacha kuomba.

Tarehe 10 Juni 1892 Luteni von Bülow alipanda na askari wake kuja kumwadhibu Meli. Wapiganaji wa Moshi wakawashinda. Von Bülow akafa kwa majeraha ya siku ile, na kikosi kilichobaki kikakimbia. Wamisionari wa CMS walituhumiwa kumpa Meli silaha, wakalazimika kuhama na kwenda Taveta. Kwa mwaka mmoja na zaidi Moshi ilibaki huru, jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia kwa haraka mno. Ndipo Gavana von Schele alipokuja mwenyewe na jeshi kubwa, na tarehe 12 Agosti 1893 akaliteka boma la Meli baada ya mapigano makali.

Hapo ndipo historia ya nyumba ninayoiombea inapoanza. Kituo cha Wajerumani, ambacho kilikuwa kimehamia Marangu, kilirudishwa Moshi chini ya Kapteni Kurt Johannes. Walioshindwa walilazimishwa kumjengea aliyewashinda. Mawe ya mlima huu ni mawe ya volkano, meusi, mazito, na ukitaka kujua yalivyo mazito jaribu kupandisha moja tu kutoka bondeni hadi juu ya kilima. Mawe ya boma yalipandishwa kwa vichwa na mabega. Hakuna orodha ya majina ya waliobeba. Wapo jina la kapteni, jina la gavana na majina ya wamisionari, lakini waliobeba walibaki kuwa "watu wa Meli", na wajukuu wao ndio sisi tuliotapakaa kutoka Kidia hadi Tsudunyi.

Boma hili halikuwa la Moshi peke yake. Humo ndimo Johannes alimotawalia mlima mzima na nchi za jirani. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru. Johannes ndiye aliyeongoza majeshi ya kisasi: vijiji vikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa. Lazima nilitamke waziwazi ingawa linauma: katika kisasi kile walikuwemo wapiganaji wengi wa Kichaga. Wameru na Waarusha hawajasahau, na hawana sababu ya kusahau. Mwaka 1900 boma la Arusha mjini likakamilika, nalo kwa kazi za kulazimishwa. Maboma hayo mawili, la kwetu na la Arusha, ni ndugu. Moja limepata bahati, jingine bado.

Mwanzoni mwa mwaka 1900 Johannes aliletewa habari kwamba Meli na wenzake wanapanga kuwaondoa Wajerumani. Tarehe 2 Machi watu 19 wakanyongwa hapa Old Moshi. Alikuwemo Mangi Meli wa Moshi. Alikuwemo Mangi Ngalami wa Siha. Alikuwemo Mangi Molelia wa Kibosho. Walikuwemo pia viongozi wa Meru na Arusha. Wazee husimulia kwamba Meli alikataa kufa upesi, akaning'inia muda mrefu akiwa hai huku watu wake wakilazimishwa kutazama. Familia inashikilia kwamba baada ya hapo kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mti upo, na pembeni yake ipo sanamu ya Meli. Yapo pia maonyesho juu ya habari zake katika jengo la mahakama ya zamani, yaliyoandaliwa na Watanzania na Wajerumani kwa pamoja. Nawashukuru wote waliohangaika. Namshukuru zaidi mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, aliyetumia miongo mingi ya maisha yake kukiulizia kichwa cha babu yake kwa watu waliokuwa hawataki kumjibu. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa huku vimelingana na vya familia zilizo hai Tanzania. Mojawapo lilitambuliwa kuwa la mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Lake mwenyewe halikuwamo.

Serikali yetu imesimama upande wa familia hizo kudai mabaki yarudi, na sisi wananchi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Sasa nawauliza, Waheshimiwa: siku mabaki hayo yakishuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), yakapandishwa huku kupitia Kiboriloni na msafara wa serikali nzima ukiwa nyuma yake, tutawaonyesha wageni nini? Tutawaonyesha mti, na mita chache kutoka hapo nyumba iliyopigwa plasta mpya, milango ya chuma imechomelewa, hakuna hata kibao kinachosema nani aliijenga? Haiwezekani tukamdai Mjerumani atutunzie mifupa kwa heshima huku sisi wenyewe tumeiacha nyumba yenye ushahidi ijifie.

Nieleze jinsi nyumba kama hii inavyobadilika, maana nimesikia watu wakisema "limeshabadilishwa sana, halina tena thamani ya kihistoria". Kauli hiyo niliambiwa ana kwa ana na ofisa mmoja nilipokwenda kuulizia, na tangu siku hiyo sijaacha kuifikiria. Nadhani ameigeuza hoja kichwa chini.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini haikupanda huku juu. Ilisimama kule chini tambarare, na serikali ikaifuata. Mji ukashuka ukachukua na jina lake, nasi tukabaki tunaitwa "ya zamani". Waingereza walipokuja, kazi kubwa ya eneo la boma ikawa elimu. Nyumba iliyojengwa kutia watu hofu ikaanza kusikia watoto wakiimba majedwali ya kuzidisha. Baadaye uhuru, baadaye shule za kata, baadaye madarasa mapya ya matofali pembeni. Kila zama zimeacha alama yake: mahali palipozibwa, mahali palipotobolewa, bati juu ya bati. Kwangu mimi hayo yote ni historia. Siombi hata kidogo boma lirudishwe kama Johannes alivyoliacha. Nani anataka ngome ya mnyongaji iliyong'arishwa? Naomba lilindwe pamoja na mabadiliko yake, kwa sababu mtoto wa Old Moshi kusomea hisabati ndani ya kuta alizobebeshwa babu wa babu yake ni sehemu ya habari hii, na pengine ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Ninachokiogopa ni mabadiliko yanayofanywa bila mtu kuandika lilikuwaje kabla, na yale yanayoua jengo kwa nia njema. Hapa simenti ndiyo hatari kubwa. Kuta za mawe za enzi zile zilijengwa kwa udongo na chokaa. Chokaa hupitisha unyevu: ukuta ukinywa maji ya masika, huyatoa taratibu jua linapowaka. Fundi akija na plasta ya simenti, anaufunga ukuta. Maji yanayopanda kutoka ardhini au kuingia kupitia nyufa hayana pa kutokea, yanakaa ndani, yanaozesha udongo uliobeba mawe, yanasukuma chumvi nje, na baada ya miaka kadhaa plasta inabanduka ikiwa na uso wa jiwe. Watu husema jengo limezeeka, kumbe limenyimwa pumzi. Na sisi tuko upande wa kusini wa mlima, ambako mvua za Machi hadi Mei hazina mchezo. Mfereji wa bati uliotoboka unaweza kuangusha ukuta ambao risasi hazikuuangusha. Kinachotakiwa hakina gharama za kutisha: paa lisilovuja, maji yaelekezwe mbali na msingi, na fundi anayejua kuchanganya chokaa. Mafundi hao wapo pwani, wanaotengeneza majumba ya zamani. Waletwe wafundishe vijana wetu wa ufundi uashi.

Mfano upo ndani ya nchi hii hii. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilikuwa gofu. Likakarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza, likawa hoteli, na vijana wa pale wakapata kazi. Boma la Arusha lilipewa Makumbusho ya Taifa, na tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mtalii akitoka mnara wa saa anaingia kwa miguu. Kule Kwihara, Tabora, ipo tembe aliyokaa Livingstone pamoja na Stanley mwaka 1872, nayo ni makumbusho. Sina ugomvi na Livingstone. Lakini nyumba ambayo mgeni alilala kwa miezi michache imetunzwa, na nyumba ambayo mbele yake wenyeji 19 walikufa kwa siku moja bado inaandikiwa barua kama hii.

Mheshimiwa Waziri, ofisi yako inausimamia mlima, kwa hiyo hili litakugusa kwa namna ya pekee. Wapandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza kwenye kambi ya Mandara, na usiku wa pili kwenye kambi ya Horombo. Maelfu ya watu kutoka duniani kote wameandika jina la Rindi kwenye picha zao bila kujua ni jina la mtu. Wakifika karibu na ukingo wa Kibo, ramani zinawaonyesha pengo liitwalo Johannes, kwa heshima ya kapteni yule yule aliyesimamia kunyongwa kwa mwana wa Mandara. Baba amepewa kambi, mnyongaji wa mwanawe amepewa ukingo wa kreta. Tulipopata uhuru tulikibadilisha jina kilele, kikaacha kuwa cha Kaisari Wilhelm kikawa Uhuru, na hakuna aliyelalamika kwamba tumeharibu ramani. Pengo lile nalo lizungumzwe. Hata kama jina litabaki, mwongoza wageni apewe maelezo rasmi ya huyo Johannes alikuwa nani na alifanya nini Old Moshi. Na huyo mgeni aliyelipa fedha nyingi kuja mlimani, aambiwe kwamba boma lake linafikika kutoka mjini Moshi kwa safari fupi ya gari.

Najua kuna linalowatia viongozi wetu kigugumizi. Katika masimulizi ya mwaka 1900, Mangi Marealle wa Marangu anatajwa kuwa ndiye aliyepeleka kwa Johannes habari za njama, kwa sababu ya ushindani wake na Meli. Wengine huona kufungua habari hizo ni kuchokonoa ugomvi wa koo. Mimi naona kinyume. Hao hao wanaosimulia husimulia pia kwamba miaka michache baadaye Marealle naye alishtakiwa kwa Wajerumani kwa namna ile ile, akakimbilia Kenya. Mashine ile ilimla kila aliyeikaribia. Wajukuu wa Marangu na wa Old Moshi wameoana, wanasali pamoja, wamezikana. Tuna namna zetu za kushika sale, jani letu la kuombana amani, mkononi na kusemezana. Kinachotushinda ni kukaa kimya, kwa sababu ukimya unamwacha kila mmoja na toleo lake la habari, na watoto wanalirithi likiwa limeongezewa sumu.

Tena, kwa kuwa walionyongwa walitoka Siha, Kibosho, Moshi, Meru na Arusha, eneo hili lisifanywe mali ya kijiji kimoja wala ukoo mmoja. Kamati yoyote itakayoundwa iwe na wazee wa pande hizo zote. Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro na mwenzake wa Arusha wakikaa meza moja juu ya jambo hili, watakuwa wametenda jambo ambalo mlima huu haujaliona tangu miili ile ishushwe.

Sasa niyaseme ninayoyaomba kwa utaratibu wa kazi. La kwanza na la haraka ni tangazo katika Gazeti la Serikali, likitaja jengo, mti, mahakama ya zamani na mipaka ya eneo. Ndani ya muda huo huo Halmashauri ipitishe sheria ndogo inayozuia kubomoa, kutoboa au kupiga plasta jengo hilo bila kibali cha watu wa Mambo ya Kale. Shule isiadhibiwe kwa hili. Walimu wamelitumia jengo kwa sababu lilikuwepo na mahitaji yalikuwepo, na kama sehemu yake yoyote itahitaji kupumzishwa, chumba cha kufidia kijengwe kwanza. Sitaki kusikia kwamba mtoto mmoja amekaa chini ya mti kwa sababu ya barua yangu.

Halafu jengo lipimwe na kuchorwa. Chuo Kikuu Ardhi kina wanafunzi wa usanifu majengo wanaotafuta kazi za mafunzo kila mwaka. Waje na vipimo vyao, wachore kila ukuta, waonyeshe jiwe gani ni la miaka ya 1890, ipi ni kazi ya Waingereza, ipi ni ya juzi. Michoro hiyo ikiwepo, hata tetemeko likija tutakuwa tunajua tulikuwa na nini. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zipo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na nyingine zipo Berlin. Mjerumani anapotuambia anataka kusaidia, tumpe kazi hiyo: atafute kila karatasi, kila picha na kila hesabu ya ujenzi wa boma la Moshi, aitafsiri kwa Kiswahili na kuileta. Hapa hapa Kidia aliishi miaka mingi mchungaji Bruno Gutmann, aliyeandika kwa Kijerumani majuzuu matatu makubwa ya mafundisho ya jando ya Wachaga, akiwasikiliza wazee wetu. Maneno ya babu zetu yamefungiwa kwenye lugha ambayo wajukuu hawaisomi. Hilo nalo ni deni linalolipika, na halihitaji vipimo vya vinasaba.

Lililo gumu kuliko yote kulipata baadaye ni sauti. Wazee waliosikia habari za mwaka 1900 kutoka kwa watu walioziona kwa macho wamekwisha. Waliobaki ni wale waliosikia kutoka kwa waliosikia, nao umri umekwenda. Ofisa utamaduni wa wilaya akipewa kinasa sauti, pikipiki na mafuta, anaweza kufanya kazi ya maana kuliko warsha nyingi za hotelini. Apite Siha, Kibosho, Meru, Arusha. Aulize pia kwa akina mama, kwa sababu habari za nani alibeba mawe na nani aliwapelekea chakula wanazo wao zaidi, na kwa kawaida hakuna anayewauliza.

Mwisho ni fedha, nami nitasema bila kuzungusha. Wageni watakaokuja walipe kiingilio, na sehemu ya kiingilio hicho ibaki kijijini na shuleni kwa maandishi, siyo kwa ahadi ya jukwaani. Mahali ambapo wananchi hawapati kitu, urithi hugeuka mawe ya kujengea banda la ng'ombe. Tumeona hivyo kwingine na hatutaki kulaumiana.

Tarehe 2 Machi kila mwaka huwa tunakusanyika kwenye mti kumkumbuka Meli na wenzake. Nawaalika nyote watatu, au wawakilishi wenu wenye mamlaka ya kujibu, mje siku hiyo mkiwa na nakala ya tangazo. Kama kabla ya hapo kuna nyaraka mnazohitaji kutoka kwetu, barua ya ofisi ya kijiji, mihtasari ya mikutano au majina ya wazee walio tayari kuhojiwa, tuagizeni kupitia Mtendaji wa Kata. Tutaleta wiki hiyo hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Old Moshi,
Wilaya ya Moshi, Kilimanjaro

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Makumbusho ya Taifa la Tanzania
Mkuu wa Mkoa wa Arusha
Mkuu wa Shule husika